Saa Saba Kamili

Siku Nkirote alipotangaza kwamba amefaulu ule mtihani wa Kiingereza wanaofanya wauguzi wanaokwenda kazi Uingereza, wodi nzima ya wazazi ilipiga makofi, hata akina mama waliokuwa wamelala wawili wawili kitanda kimoja. Igoki naye alipiga. Alipiga mawili, akasema, "Hongera, mama," kisha akaingia stoo ya dawa na kusimama mbele ya rafu tupu akijifanya anahesabu mabomba ya sindano. Ule ulikuwa wivu, na hakuna haja ya kuutafutia jina la adabu.

Igoki alikuwa na miaka arobaini na minne. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa muuguzi katika hospitali moja ndogo, mbele kidogo ya Karurumo kule Embu, ambayo jina lake tutaliacha kwa kuwa wenyewe wana masikio. Yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa wodi ya wazazi, lakini cheo hicho alipewa kwa mdomo tu. Kwenye karatasi alikuwa daraja lile lile tangu mwaka kifungua mimba wake alipoanza darasa la kwanza, na kijana huyo sasa ananyoa ndevu.

Miaka kumi na mitatu nyuma yeye pia aliitwa Uingereza. Barua ilikuja na nembo yake, na kila kitu kilikuwa tayari. Mumewe, mwalimu Gichovi, hakumkataza. Aliuliza tu ni nani atamgeuza mama yake kitandani, maana bibi kizee alikuwa amepooza upande mmoja, kisha akatoka nje kumkatia ng'ombe majani. Igoki akaitia barua chini ya godoro. Mama mkwe aliishi miaka tisa zaidi, Mungu amrehemu, na barua ikaliwa na panya.

Sasa huyu Nkirote. Msichana wa Kianjai kule Meru, miaka ishirini na minane, aliletwa Embu kwa mkataba wa mwaka mmoja uliorefushwa na kurefushwa mpaka ukawa miaka sita, bila likizo ya maana na bila ahadi yoyote. Alipofika, mkono ulikuwa unamtetemeka akikata kitovu. Igoki ndiye aliyeushika mkono huo. Alimfundisha kumtambua mama atakayevuja damu kabla hajavuja, na namna ya kuongea na mwanamume aliyetafuna majani ya muguka tangu asubuhi na sasa anataka kumpiga muuguzi kwa sababu dawa hakuna. Zaidi ya yote alimfundisha mambo mawili, na hayo mawili ndiyo hadithi yenyewe.

La kwanza ni kwamba zamu haiachwi mezani kama funguo. Inakabidhiwa mkononi, kitanda kwa kitanda. Mwenzako asipofika, hutoki, hata nyumba yako ikiwa inaungua.

La pili lilihusu kitabu cha ripoti, ambacho wanaopokezana huandika saa na kutia sahihi. Humo, Igoki alisema, unaandika saa saba kamili, hata kama mwenzako amefika saa nane. Kuchelewa kulimletea mtu barua ya onyo, na nani asiyechelewa pale? Mvua ikinyesha barabara inakuwa uji, watoto wanaugua, na wauguzi wawili wanafanya kazi ya sita. Leo unamfunika mwenzako, kesho anakufunika. Hakuna kitu kingine walichopewa cha kujifunika nacho.

Basi Nkirote alimfuata Igoki jikoni, walikokuwa wakichemshia vyombo tangu mashine ya kuua vijidudu iharibike.

"Sista, naomba ofu Alhamisi. Niko na intavyuu saa nane, ile ya video."

"Nitatoa mtu wapi? Beverlyne amejifungua juzi, na hawajaleta mwingine. Tuko wawili."

"Basi hata nusu siku, Sista. Hapa netiwaki hakuna."

Hilo lilikuwa kweli. Mtandao ulipatikana mahali pamoja tu, nyuma ya jiko, na hapo nako ilibidi mtu apande juu ya jiwe.

"Fanya zamu ya asubuhi," Igoki akasema. "Mimi nitakupokea saa saba. Uko na binamu Majimbo, pale mjini, si ndiyo? Saa nane kasoro utakuwa umeketi kwake kwenye Wi-Fi yake."

"Asante, Sista. Nilijua utanisaidia."

Neno hilo lilimuudhi Igoki kuliko matusi.

Ajabu ni kwamba Alhamisi alitoka nyumbani mapema. Saa sita na nusu alikuwa ameshafika barabarani, mkabala na geti la hospitali, kwenye kibanda cha Ciakuthii anayeuza chai na nduma za kuchemsha. Akaketi anywe kikombe kimoja tu, kwa kuwa alikuwa na nusu saa nzima. Akakimaliza. Saa saba ikafika, naye akawa bado ameketi.

Aliwaza vile huyu msichana atakavyopewa glavu zinazomtosha. Kwa miaka miwili wodi ilikuwa inaletewa glavu kubwa za wanaume, na Igoki alikuwa anazifunga kwa plasta kwenye kiganja ndipo apokee mtoto. Kule ng'ambo kila kitanda kina mashine yake ya presha. Kule mtu akimpiga muuguzi anashikwa na polisi. Na Nkirote atatuma picha amevaa koti zito, na wao watajibu kwa vidole gumba na mioyo myekundu. Kwa nini yeye? Mimi ndiye niliyemshika mkono. Bila mimi angekuwa bado anatetemeka.

Simu ikalia saa saba na dakika kumi.

"Sista, umefika wapi?"

"Niko njiani."

Neno hilo huku kwetu halina urefu. Mtu anaweza kuwa njiani na bado ana povu la sabuni usoni. Nkirote akasema sawa. Igoki akageuza kiti, akalipa geti mgongo.

"Wewe leo hauendi kazi?" Ciakuthii akamuuliza.

"Naenda. Niongeze chai."

"Nasikia ati huyo Mmeru wenu anaenda ng'ambo. Wacha aende. Hao miraa yao tu inapanda ndege, sembuse wenyewe."

Ciakuthii alicheka utani wake peke yake. Igoki aliikoroga chai ambayo sukari yake ilikuwa imeyeyuka zamani. Alijua vizuri anachofanya, tusimtetee. Alijua kwamba yule msichana hatatoka wodini bila kukabidhi, kwa sababu ni yeye mwenyewe aliyempandia tabia hiyo, na sasa alikuwa amemfunga nayo kama mbuzi kwenye kigingi. Simu ililia tena saa saba na dakika arobaini. Akaiangalia mpaka ikanyamaza. Saa nane ilipopita aliona kitu kikilegea kifuani. Alipovuka barabara ilikuwa saa tisa kasorobo.

Alimkuta Nkirote kitanda cha nne, aproni imelowa damu hadi magotini. Aliyelala pale alikuwa Wambura, mama wa watoto watatu na sasa wanne, uso umepauka kama unga wa muhogo. Mikono yake yote miwili ilikuwa na dripu, na mlinzi wa geti alikuwa amesimama kando ameinua chupa moja juu, maana vyuma vya kutundikia havikutosha.

"Karibu, Sista," Nkirote alisema bila kuinua kichwa. "Alianza kuvuja saa nane kamili. Nimekanda tumbo mpaka kizazi kikakaza. Presha sijui, mashine imekataa tena, lakini mapigo yamerudi."

Wakapokezana kitanda kwa kitanda, kama ilivyo desturi. Mtoto wa kitanda cha pili hajanyonya. Mama wa kitanda cha sita anangoja mumewe amletee maharage ya njahi ale. Walipofika mezani Nkirote alinawa mikono, akafungua kitabu, akaandika kwa mwandiko wake mzuri wa shule: saa saba kamili. Akatia sahihi na kumpa Igoki kalamu.

"Na intavyuu?" Igoki akauliza, kama mtu aliyekumbuka sasa hivi.

"Imepita. Kwenu wako salama, Sista? Nilipata wasiwasi."

"Ng'ombe ilikuwa inazaa. Ndama alikaa vibaya."

"Pole. Ulimtoa?"

"Nilimtoa."

Siku hiyo Igoki alikula ugali akaongeza, akalala fofofo. Semeni mnachotaka.

Lakini Jumamosi Nkirote alikuja na simu mkononi. Alikuwa amewaandikia Waingereza akawaeleza kilichomzuia, nao wamejibu. Watampa siku nyingine iwapo msimamizi wake atathibitisha kwa maandishi kwamba alizuiwa na zamu, na saa ngapi aliachiliwa. Barua iwe na muhuri wa hospitali. Pamoja nayo ijazwe fomu ya kueleza tabia yake kazini. Na iambatanishwe nakala ya ukurasa wa siku ile kutoka kitabu cha ripoti.

Wote wawili walikitazama kitabu pale mezani.

"Nimejifunga mwenyewe," Nkirote akasema. "Nimeandika saa saba."

"Ndivyo tunaandika."

"Ndivyo tunaandika. Basi, Sista, wewe waandikie vile ilikuwa. Nikikosa hii hawataniita tena."

Alisema hivyo na kwenda kumpima Wambura, ambaye siku hiyo alikuwa ameketi akinywa uji.

Igoki alikaa na fomu ile siku mbili. Barua ya kwanza aliandika haraka, na haikuwa na kosa hata moja: kwamba yeye, msimamizi wa wodi, alifika zamu ya Alhamisi saa saba kamili kama kitabu kinavyoonyesha, na kwamba hajui kwa nini muuguzi huyo hakufika kwenye mahojiano yake. Kitabu kilikuwa shahidi, na sahihi ya Nkirote mwenyewe ilikuwa chini yake. Angeonekana mwongo, shauri lingeishia hapo, na Jumatatu wangekuwa pamoja kazini kama kawaida. Kama kawaida. Alijikuta ameyarudia maneno hayo kwa sauti.

Kisha akaanza kujaza fomu. Swali la nne liliuliza kama mtu huyu hufika zamu kwa wakati. Akaandika ndiyo. Swali la saba liliuliza kama angependa kufanya naye kazi tena. Hapo kalamu ikasimama, na machozi ya hasira yakamjaa, kwa sababu jibu lilikuwa ndiyo. Angependa kufanya naye kazi kesho, na kesho kutwa, na mwaka kesho. Alikuwa anamwonea gere kwa kwenda, na alikuwa anaionea gere Uingereza kwa kumchukua. Wagonjwa wasiojulikana wa mji usiojulikana wangepata ule mkono alioutuliza yeye, na yeye angebaki na glavu za wanaume. Akaandika ndiyo kubwa, akaikandamiza hadi karatasi ikatoboka. Akaitazama barua iliyokuwa kando ya fomu, akaona haviwezi kuingia bahasha moja. Akaichana.

Barua ya pili ilikuwa fupi. Alisema alifika saa tisa kasorobo. Alisema muuguzi hakuondoka, na kwa sababu hakuondoka kuna mama yuko hai. Alisema kitabu kinasema saa saba, na kitabu kinadanganya, na mtu aliyemfundisha kuandika hivyo ni yeye. Sababu ya kuchelewa hakuitaja. Ukweli nao una mahali mtu anashindwa kufika.

Muhuri ulikaa kwa Naftaly, mkuu wa wauguzi, mtu mpole anayengoja kustaafu. Aliisoma barua mara mbili na kuvua miwani.

"Igoki, unajua hii nikipiga muhuri lazima kopi iende kwa faili yako?"

"Najua."

"Na list ya promosheni iko kwa meza ya wakubwa. Jina lako liko, mimi mwenyewe niliandika. Miaka ngapi umengoja?"

"Kumi na tatu."

"Si uandike tu netiwaki ilipotea? Hiyo hata wazungu wanaelewa."

Igoki aliliangalia dirisha la ofisi, lililofungwa kwa kamba ya dripu. Angeweza kusema sawa. Naftaly alikuwa amempa kalamu tayari.

"Piga muhuri, Naftaly," akasema. "Piga kabla sijabadilisha nia. Mimi si mtu mzuri hivyo."

Naftaly akapiga. Wiki tatu baadaye Nkirote alihojiwa, akachukuliwa. Wiki ya tano Igoki alipata barua ya onyo kwa kughushi kumbukumbu za zamu, na orodha ya waliopandishwa ilipobandikwa ukutani, jina lake halikuwamo. Alisoma majina yote kutoka juu hadi chini, kisha kutoka chini hadi juu. Mchimba kisima huingia mwenyewe, wahenga walisema, lakini hawakusema kisima kina baridi kiasi gani.

Siku ya mwisho ya Nkirote, Igoki alifika saa sita na nusu. Wakapita kitanda kwa kitanda. Kulikuwa na keki mezani, na leso waliyoichangia wauguzi wote, na Beverlyne alikuwa amerudi na maziwa yanamvuja. Wakalishana keki, wakaomba, wakapiga picha. Wengine walipotawanyika, Nkirote alikunja aproni yake taratibu.

"Sista, nikwambie kitu. Ile Alhamisi nilitoka. Saa saba na dakika hamsini nilichukua mkoba nikafika mpaka geti."

Igoki aliweka chini kisu cha keki.

"Nilikuona kwa Ciakuthii. Ulikuwa umenipa mgongo."

"Kwa nini haukuniita?"

"Ningekuita ungekuja," Nkirote akasema. "Nilitaka uje mwenyewe. Nikasimama kidogo. Halafu nikakumbuka wodi haina mtu, nikarudi. Niliingia nikakuta Wambura ameanza."

"Na bado ukaniandikia saa saba."

"Si ni wewe ulinifundisha?"

Hakusema kwa ukali. Alimkumbatia, akachukua mkoba na leso yake, akaenda. Igoki alifungua kitabu aandike saa ya kupokea zamu, na kwa muda mrefu hakuona mstari ulipo.

Nafasi ya Nkirote haikujazwa. Kwanza walisema bajeti, halafu wakasema mwezi ujao, halafu wakaacha kusema. Picha zilikuja: koti zito, theluji, wodi yenye vitanda vilivyoachana. Igoki alituma vidole gumba. Kila picha ilimchoma mahali pale pale. Zamani alikuwa akisema atakaa mpaka astaafu, lakini jioni moja, baada ya kuwapokea watoto saba peke yake na mgongo ukawa umekataa kunyooka, aliketi akajaza maombi yake mwenyewe ya kwenda ng'ambo. Gichovi alisoma juu ya bega lake, asiulize ni nani atakayemgeuza nani. Alimletea chai.

Maombi yalitaka jina la refarii, mtu aliyefanya naye kazi karibu kwa zaidi ya miaka mitano, anayeweza kumweleza kwa ukweli. Igoki alipitia majina kichwani. Naftaly alikuwa amestaafu. Waliobaki walikuwa na mwaka mmoja, au miezi. Alibaki mmoja tu. Aliandika ujumbe akaufuta mara nne, na wa tano akautuma ukiwa na maneno matano tu. "Nkirote, nimekuweka refarii. Ukikataa nitaelewa."

Siku mbili hazikuwa na jibu. Siku ya tatu, saa moja kasoro jioni, mwenzake wa usiku alikuwa bado hajafika, na kwenye simu alikuwa amesema yuko njiani. Igoki alimwomba mlinzi aiangalie wodi kwa dakika mbili, akaenda nyuma ya jiko, akapanda juu ya lile jiwe na kuinua simu. Ujumbe ukaingia.

"Nimejaza, Sista. Swali la saba nimeandika ndiyo. Swali la nne nimeandika hufika saa saba kamili, siku zote. Nisalimie ndama."

Igoki aliusoma mara mbili. Kisha akashuka polepole akishikilia ukuta, akarudi wodini kumngoja mwenzake.